Asali ya kidonda: ya sokoni au ya tyubu?

Mtu akiungua au akianguka na bodaboda, swali hurudi: apakwe asali ya sokoni, tuseme ya Arua, Uganda, au ile ya tyubu iliyotengenezwa kwa vidonda?

Kwa bei, ya sokoni inashinda mbali. Kwa usafi inashindwa, maana yaweza kubeba mbegu za bakteria, hata za Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu ya kupoozesha. Tafadhali usiichemshe! Moto wa jikoni hauziui mbegu hizo, ila huharibu kimeng'enya kinachotoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kuua vijidudu na silaha kubwa ya asali. Ya tyubu husafishwa kwa mionzi ya gama, bila joto, na nguvu yake hubaki. Tena ya sokoni huweza kuchanganywa na sukari, na kwa macho hutaijua.

Kufunga kidonda ni kulekule kwa zote mbili. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka asali kwenye shashi, si kwenye kidonda, isije ikatiririka: mililita 20 hivi kwa shashi ya sentimita 10 kwa 10. Funika kwa shashi kavu, badilisha kila siku. Ikilowa mapema, badilisha mapema, kwani majimaji huizimua asali.

Mchubuko mdogo, kijijini, ya mfuga nyuki unayemwamini yaweza kutosha. Kidonda cha kisukari, cha upasuaji au cha moto mkubwa kinataka tyubu, na mhudumu wa afya akione kwanza. Mwenye mzio wa nyuki aache zote mbili. Na sindano ya pepopunda haina mbadala.