Data za Taifa Stars bila kulipia: nimetumia lile faili la mechi tangu 1872

Wakuu habari zenu. Kama na wewe ni mgonjwa wa mpira na umeanza kujifunza Excel au Python ili uchezee namba za mechi, lazima umeshakutana na hili, data za Arsenal na Barcelona zimejaa kila kona ila ukitafuta za kwetu unahangaika mpaka unachoka. Mimi nilifika mahali nikalipia tovuti moja, jina naliacha, walisema wana ligi zote za Afrika, naingia nakuta timu moja imeandikwa kwa majina mawili, wafungaji hawapo, tarehe nyingine zimeruka mwaka. Mwezi ulivyoisha nikaachana nao.

Kilichonikata kiu ni faili la bure lililopo Kaggle, tovuti ya kushirikiana data, tafuta kwa jina la International football results from 1872. Linaanza na Scotland na England tarehe 30 Novemba 1872, ile suluhu ya 0-0, linakuja mpaka mechi za juzi juzi, mistari zaidi ya 45,000 na uzito wake ni MB chache tu kwahiyo hata bando la siku linatosha. Kaggle watataka ufungue akaunti, kama hutaki faili lilelile lipo GitHub, tovuti nyingine ya kuhifadhi mafaili, unalichukua moja kwa moja.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba sisi tumo humo. Gossage Cup ipo, ile ya Kenya na Uganda tangu 1926 kabla Tanganyika na Zanzibar hazijaingia, CECAFA ipo, yaani kombe la Afrika Mashariki na Kati, kufuzu AFCON ipo, mechi za kirafiki zipo. Siku ya kwanza nilikaa mpaka saa nane usiku nachambua tu Tanzania na Kenya, kila mstari naukumbuka au namuuliza mzee anaukumbuka yeye.

Sasa yapo mambo ya kuwa nayo makini, na hapa ndo wengi mtapigwa. Mechi zilizoisha kwa penati matokeo yake yanabaki ya dakika 120, penati zimewekwa kwenye faili lake pembeni linaitwa shootouts. Chukua fainali ya CECAFA 2017 pale Machakos, Kenya na Zanzibar, faili kuu litakwambia 2-2 na ukiishia hapo utahesabu sare wakati kombe lilibaki Kenya kwa matuta. Unganisha mafaili mawili kwanza ndo uanze kuhesabu mabingwa.

Halafu kuna safu inaitwa neutral, inaonyesha kama mechi ilichezwa uwanja usio wa nyumbani kwa timu yoyote, usiipuuze kabisa. CECAFA timu zote zinakusanyika nchi moja, kwahiyo kuna timu inaandikwa ya nyumbani wakati iko ugenini kama mwenzake, ukitaka kujua uwanja wa nyumbani unatusaidia kiasi gani toa hizo mechi kwanza. Na Zanzibar ni timu yake peke yake humo, ambapo Kilimanjaro Stars, timu ya Tanzania Bara ya CECAFA, wameiandika Tanzania tu, sawa na Taifa Stars. Anayetaka Taifa Stars pekee achuje kwa safu ya mashindano.

Nyingine nilizojaribu. football-data.co.uk ni nzuri sana kwa ligi za Ulaya, msimu wa 1993/94 mpaka sasa, kila msimu una faili lake la CSV linalofunguka kwenye Excel, kuna mashuti, kona, kadi na odds za makampuni ya kubeti, vifupisho vyote vimeelezwa kwenye notes zao. Mimi sio mtu wa kubeti lakini hizo odds ni kipimo kizuri cha kulinganisha na modeli yako ya kutabiri matokeo. Ila ligi yetu haimo.

StatsBomb, kampuni ya takwimu za mpira, nao wana data za bure, na hii wakuu ni ya kiwango kingine, kila pasi na kila shuti limewekewa sehemu lilipotokea uwanjani, na AFCON ya 2023 iko humo. Mnakumbuka San Pedro, Msuva katufungia dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko, halafu Daka anasawazisha dakika ya 88? Ile mechi iliniuma sana, sasa hivi naweza kuifungua na kuona kila mpira ulipopotelea. Onyo moja tu, usishushe mzigo wote, ni gigabaiti kadhaa, bando lote litaondoka. Chukua faili la mechi unayoitaka, au tumia statsbombpy, kifurushi chao cha Python, inavuta ile mechi tu. Na ukichapisha kazi yako uwataje, ndo sharti lao.

Kwa ligi ya ndani nimebaki na RSSSF, tovuti ya kumbukumbu za matokeo ya soka, mabingwa wa Tanzania wapo tangu 1965 Simba ikiitwa Sunderland, na misimamo ya baadhi ya misimu, ila ni maandishi matupu ya kwenye ukurasa, unayahamishia kwenye Excel kwa mkono. Nimeshamaliza misimu sita. Kama kuna mtu ameanza na ya miaka ya 80 aseme tugawane, nisirudie kazi aliyoifanya.