Kimeng'enya LCC-ICCG: chupa kinazitafuna, rambo hakizigusi

Tuanze na bakteria anayekula plastiki, maana ndiye aliyevuma. Ideonella sakaiensis, aliyetangazwa na Wajapani mwaka 2016, alichukua takriban wiki 6 kumaliza utando mwembamba wa PET (plastiki ya chupa za maji na soda) kwenye nyuzijoto 30, tena utando laini kuliko chupa ya dukani. Kwa kiwanda, huyo hafai.

Kinachofaa ni LCC-ICCG, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kemia, hapa kukata plastiki) kilichoboreshwa na kampuni ya Carbios ya Ufaransa pamoja na watafiti wa Toulouse, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Asili yake ni jeni iliyookotwa kwenye mboji ya majani huko Japani. Dozi ni miligramu 3 kwa kila gramu ya PET, yaani kilo 3 kwa tani. Ndani ya saa 10 asilimia 90 ya plastiki huwa imerudi kwenye malighafi zake mbili: asidi ya tereftaliki na ethilini glaikoli, hii ya pili ikiwa ndiyo ile ya kwenye kulanti ya rejeta.

Kazi ngumu iko kabla ya kimeng'enya kuingia. Ubavu wa chupa ulivutwa kiwandani hadi molekuli zikajipanga na kubanana kama ukili uliosukwa vizuri, na kimeng'enya hakipati pa kuingilia. Kwa hiyo vipande huyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 260, hupoozwa ghafla visipate nafasi ya kujipanga tena, kisha husagwa hadi chembe za chini ya nusu milimita. Ukiruka hatua hii, mtambo utazunguka bure na bili ya umeme utailipa.

Joto la tangi ambamo kimeng'enya kinakula plastiki ni nyuzi 72, na hapo hapana mzaha. Kimeng'enya chenyewe kinastahimili zaidi ya hapo, lakini ukifika 75 plastiki inaanza kujipanga upya na kugoma kuliwa kabla kazi haijaisha. Ukishuka sana, inakakamaa. Jambo la pili ni asidi: kadiri plastiki inavyovunjika, tangi linachachuka, kwa hiyo kostiki soda (ile ile ya watengeneza sabuni) lazima iingie mfululizo kushikilia pH (kipimo cha uchachu) kwenye 8. Kwa hesabu ya kemia ni karibu kilo 400 kwa tani ya PET. Baadaye unatia asidi ya salfa ili tereftaliki ijitenge, na unabaki na zaidi ya nusu tani ya chumvi ya sodiamu salfeti. Wauzaji wa teknolojia hii huitaja kwa sauti ya chini, ila mnunuzi wa chumvi hiyo atafutwe mapema.

Sifa kubwa ya kimeng'enya hiki ni kwamba hakijali rangi. Chupa za kijani na za buluu, ambazo wasagaji wa kawaida huzikwepa, hutoa malighafi inayosafishwa hadi ikatengeneza chupa angavu kama mpya. Vifuniko na lebo hazimo: hizo kwa kawaida ni polithini au polipropilini, na mnyororo wao wa kaboni hauna mahali kimeng'enya hiki kinapoweza kukata. Rambo vivyo hivyo.

Kwa chupa angavu safi zisizo na rangi, kusaga na kuyeyusha bado ni nafuu. Hatuoni sababu ya kuhama. Kwa chupa za rangi zilizorundikana bila soko, hapo tungetoa pesa. Na anayekuuzia unga wa bakteria wa kunyunyiza dampo, mwulize joto, pH na aina ya plastiki kabla hujafungua pochi.