Mchezo wa Herufi za Anga Uliomnyang'anya Mwalimu Alama Zake

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini haipoi, kwa hiyo naandika nikiwa nayo. Huu ni ule mchezo wa simu ambao herufi hutokea kwenye kioo, kila mchezaji akatafuta neno la anga linaloanza na herufi hiyo kabla muda haujamwishia, na roketi ya aliyepatia ikapanda kutoka sayari moja hadi nyingine. Tunaucheza marafiki tulio Malindi, Maskati, Mbeya na Dar es Salaam, na toleo la kulipia tulilinunua kwa sababu lilitangazwa kuwa lina Kiswahili.

Jioni moja ya hivi karibuni ilitoka herufi U. Rafiki yetu wa Malindi, mwalimu wa fizikia mwenye maneno machache, aliandika Uhuru. Kioo kikawa chekundu na maandishi yakatokea kwamba neno hilo halihusiani na anga. Roketi yake iliyokwisha kufika Zohali ikarudishwa hadi Zebaki, naye akatuaga kwa adabu na kutoka mchezoni.

Uhuru ni setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimika baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Halafu mtu aliyezaliwa pwani hiyo hiyo anaambiwa na programu kwamba hajui la anga ni lipi!

Niliwaandikia huduma kwa wateja nikaeleza yote hayo kwa utaratibu. Jibu lilikuja upesi, na heri lisingekuja: nilitakiwa nitumie maneno sahihi, nikaarifiwa kwamba orodha yao imehakikiwa, na malalamiko yangu yakafungwa papo hapo. Hawakuniuliza swali hata moja. Tangu hapo kila kasoro niliyokuwa naivumilia imekuwa kubwa machoni pangu. Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamezitazama kwa vizazi ili kujua majira ya kupanda, nazo zimekataliwa. Herufi Q na X, zisizokuwemo katika alfabeti ya Kiswahili, zinatujia kila mara, na asiyekuwa na jibu anapunguziwa mafuta. Ni dhahiri kwamba hakuna Mswahili aliyeketi na orodha hiyo.

Nikiri kwamba mchezo wenyewe una raha yake. Herufi K ilipotoka, rafiki wa Mbeya aliandika kimondo, neno likakubaliwa, na tukakesha tukizungumza habari za kile Kimondo cha Mbozi, ambacho sisi wengine hatujawahi kukiona. Kwa ajili ya usiku ule nilikusudia kutoa nyota tatu, na hata kuwashauri wenye marafiki walio mbali waujaribu.

Lakini nikikumbuka jinsi mwalimu alivyotuaga, siwezi. Nyota tatu nazifuta, na ushauri wangu ni kwamba toleo la Kiswahili lisilipiwe na mtu yeyote kwa hali lilivyo sasa. Natoa nyota moja. Wakiliingiza jina la Uhuru katika orodha yao na kumrudishia mwalimu alama zake pamoja na neno la kumwomba radhi, nitaandika tathmini nyingine.