Wifi ya bure na kidevu cha mhudumu

Si kawaida yangu kuandika malalamiko, na huenda nisingeandika haya kama yule kijana wa mapokezi angenyamaza tu. Siku hiyo, majuma kadhaa yaliyopita, nilikuwa katika ukumbi wa kusubiria abiria, bando limekwisha, na mbele yangu pamebandikwa tangazo kubwa la wifi ya bure. Nilitaka kutuma waraka mmoja tu. Simu ilijiunga mara moja, mistari ya wifi ikajaa yote, kisha pembeni yake ikajitokeza ile alama ndogo ya mshangao: umeunganishwa, lakini intaneti hakuna.

Nilisubiri ukurasa wa kuingilia, ule unaotaka ujaze namba ya simu na kukubali masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Haukufunguka. Nilizima wifi nikaiwasha, nikaufuta mtandao huo kwenye orodha nikajiunga upya, nikaizima simu yenyewe, na nusu saa ikapita huku waraka wangu ukiwa pale pale. Ndipo nikaenda mapokezi.

"Mama, wenzako wote wamo ndani," alisema bila kuinua macho. "Hiyo simu yako imechoka."

Simu ambayo haijatimiza hata miaka miwili! Nilimeza mate, nikamwita kijana yule "mwanangu", nikamwuliza kama kuna nenosiri ambalo sikuliona. Akanionyesha tangazo ukutani kwa kidevu. Kwa kidevu, mimi mtu mzima, rika la mama yake.

Nilirudi nyumbani nimekwisha kuitungia huduma ile hukumu. Wifi inayodai namba yangu kabla ya kunipa chochote, nilijiambia, si ya bure. Tena haina nenosiri, maana yake mawasiliano kati ya simu na antena hayafichwi, na mtu yeyote aliyeketi jirani anaweza kuwasha wifi yake akaipa jina lile lile. Ya nyumbani ina kasoro zake, kwa kuwa mawimbi yake ya 5 GHz hufifia yakipita kuta mbili na chumbani simu hulazimika kuhamia yale ya 2.4 GHz, ambayo hufika mbali lakini ni ya polepole, ila angalau ruta yangu hainiambii kwamba nimechoka.

Hasira hiyo ilidumu hadi usiku, nilipoanza kuichunguza mipangilio ya simu na kukuta jambo ambalo natamani nisingelilazimika kuliandika. Miezi mingi nyuma nilikuwa nimeweka DNS ya faragha, yaani njia ya siri ya simu kuiuliza seva anwani za tovuti, kipengele kilichomo katika Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018, nikachagua seva yangu mwenyewe na kusahau kabisa. Wifi za namna ile hulidaka ombi la kwanza la simu na kulielekeza kwenye ukurasa wao; simu yangu, kwa agizo langu, ilikuwa ikikataa kuuliza anwani yoyote isipokuwa kwa seva ile ya mbali, na wifi nayo haimruhusu mtu kufika mbali kabla hajajiandikisha. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake. Kwa hiyo simu haikuchoka, bali mwenye simu ndiye aliyejifungia mlango, ingawa bado nasema kwamba mstari mmoja kwenye tangazo lile, wa kuwataka watu wazime DNS ya faragha au VPN (njia ya siri ya kupitishia intaneti) kwanza, ungeniondolea aibu yote.

Juzi nilipita tena pale. Nikazima kipengele hicho, ukurasa ukafunguka papo hapo, na kasi, nakiri kwa shingo upande, ilikuwa nzuri kuliko ya chumbani kwangu. Nilikuwa nimekusudia kuipa huduma hii nyota moja. Nikaipandisha hadi nne. Kisha nikainua macho, nikamwona kijana yule yule akimwelekeza mzee mmoja kwenye tangazo kwa kidevu, nikarudisha mbili.