Kitazamio cha Nikon Z6III kwa Mvaa Miwani, Chini ya Jua Kali

Kwa mtu anayevaa miwani, ubora wa kitazamio, yaani kile kidirisha cha kuchungulia kilicho mgongoni mwa kamera, haupimiki ndani ya chumba. Humo karibu kila kitazamio hupendeza. Tofauti hujitokeza nje, jua likiwa la utosi: pembe za picha hukatika, lenzi za miwani hurudisha mng'ao wa anga, na skrini ndogo iliyomo ndani huonekana imefifia hata ikiwa nzima kabisa. Nikon Z6III, iliyotangazwa Juni 2024, nimeitumia katika hali hiyo kwa muda wa kutosha kuisemea. Maoni haya yanahusu kitazamio chake tu. Mengine ya kamera hiyo nayaacha.

Sifa inayotangulizwa katika kuinadi ni mwangaza unaofikia kandela 4,000 kwa kila mita ya mraba, ambao unaipita hata Z9, kamera kubwa zaidi ya kampuni hiyohiyo, yenye 3,000. Takwimu za aina hii mara nyingi hazimsaidii mtumiaji, lakini hii inamsaidia, na sababu yake imo katika jicho lenyewe. Mboni husinyaa juani, na mtu akiinamia kitazamio haifunguki papo hapo. Asiyevaa miwani huubana uso wake kwenye mpira unaokizunguka kitazamio, pembeni kukawa giza, na baada ya muda mfupi jicho likazoea. Mvaa miwani hapati giza hilo, kwa kuwa fremu huacha upenyo pande zote, hasa upande wa panja, na mwanga unaoingilia hapo huiacha mboni imesinyaa muda wote anaochungulia. Kwake yeye, mwangaza wa skrini ndio unaofidia kivuli anachokikosa. Katika jambo hili Z6III imefaulu kweli kweli. Mahali penye mchanga mweupe, saa saba mchana, niliweza kutofautisha mikunjo ya shati jeupe na kivuli kilicho chini ya ukingo wa kofia bila kuondoa jicho wala kukinga mkono.

Kuna tahadhari moja hapa. Picha inayong'aa ndani ya kitazamio humfanya mpigaji aamini kwamba mwanga aliounasa unatosha, kumbe faili lenyewe lina giza. Kwa hiyo juani ni heri kuisoma histogramu, yaani grafu inayoonyesha kiasi cha giza na mwanga kilichomo katika picha, kuliko kuuamini mng'ao unaouona. Tena mwangaza mkubwa unakula betri, ingawa mpangilio wa kujirekebisha wenyewe huushusha mtu anapoingia kivulini, na sioni sababu ya kuuzima mpangilio huo. Idadi ya nukta zinazounda picha kwenye skrini hiyo, milioni 5.76, inatosha, na sina la kuongeza juu yake.

Jambo lenye mjadala zaidi ni umbali wa jicho, yaani jicho linaweza kuwa mbali kiasi gani na bado likaona picha nzima pamoja na pembe zake zote. Z6III imepewa milimita 21, zinazopimwa kuanzia lenzi ya nyuma ya kitazamio. Lenzi ya miwani kwa kawaida hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na yenyewe ina unene wake, tuseme milimita 2. Zinazobaki ni milimita 5 hadi 7, na humohumo ukingo wa mpira nao unadai nafasi yake. Miwani inayokaa karibu na uso inaenea katika nafasi hiyo. Ambaye miwani yake hukaa mbali, au ana lenzi nene, atapoteza kwanza pembe za picha, kisha mstari wa chini wenye kasi ya shata na tundu la lenzi, na atalazimika kulisogezasogeza jicho ili ausome. Fujifilm X-T5 ina milimita 24, na Sony A7S III ina 25, kwa hiyo Nikon haiongozi hapa. Wala tatizo hili si geni kwao, kwani mwaka 1982 walitoa F3HP, kamera ya filamu yenye kitazamio cha milimita 25 kilichokusudiwa hasa wavaa miwani, na wakakubali kwa ajili hiyo kupunguza ukuzaji, yaani ukubwa ambao picha huonekana nao kitazamioni, kutoka mara 0.8 hadi 0.75. Ningependa kuona moyo ule ukirudi. Ukuzaji wa Z6III ni mara 0.8, na binafsi ningeupunguza kwa furaha ili nipate milimita chache zaidi.

Afueni ipo kwenye menyu, nayo haitangazwi vya kutosha: ukubwa wa picha ndani ya kitazamio unaweza kupunguzwa. Baada ya kuuchagua mpangilio mdogo, pembe zote nne zinaingia machoni kwa pamoja na maandishi ya chini yanasomeka bila kuhangaika. Mvaa miwani aanzie hapo, kabla hajafikiria kununua kifaa chochote cha ziada.

Kuhusu mpira wa kukinga mwanga, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuongeza ule mpana wa kuzunguka jicho. Niliwahi kuununua mmoja wa kampuni nyingine. Ulizuia mwanga wa pembeni vizuri sana, lakini ulikuwa mnene, ukaisukuma miwani nyuma na kuzila zile milimita chache nilizokuwa nazo. Unaomfaa mvaa miwani ni ule mpana lakini laini, unaolala bapa miwani inapougusa. Ukikosekana, kiganja cha kushoto kikiinuliwa kando ya panja kinafanya kazi hiyohiyo, maadamu lenzi si nzito. Miwani yenye tabaka la kuzuia uakisi husaidia pia, kwa sababu mwanga unaotoka nyuma ya mpigaji hugonga upande wa ndani wa lenzi na kurudi jichoni. Alama ya kidole au jasho hapo huugeuza kuwa ukungu unaoifunika picha yote.

Dayopta, yaani kirekebisho kinachokilinganisha kitazamio na uwezo wa jicho kuona, inarekebishika, na mvaa miwani airekebishe akiwa amevaa miwani yake, akiyatazama maandishi ya ndani badala ya mandhari. Wapo wanaopendekeza kuivua miwani na kuiachia dayopta kazi yote. Hilo linawezekana kwa mwenye tatizo dogo la kuona mbali au karibu, lakini dayopta haisahihishi astigmatizimu, yaani kasoro ya mpindo wa jicho inayotia ukungu kwenye mistari ya upande fulani, na kuvua na kuvaa kila baada ya picha kunachosha. Miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi ni shida nyingine: kamera ikigeuzwa wima, skrini inaweza kufifia au kubadilika rangi. Lenzi zinazojitia giza zenyewe juani hazina shida hiyo, ila zinapunguza mwanga unaofika jichoni, na hapo ndipo zile kandela 4,000 zinapothaminiwa tena.

La mwisho ni usalama wa kitazamio chenyewe. Lenzi yake hukusanya miale kama kioo cha kukuzia, na jua likiingia moja kwa moja kupitia upande wa jicho linaweza kuiunguza skrini ya ndani na kuiachia doa lisilofutika. Mpigaji asiyevaa miwani huiacha kamera ikining'inia shingoni bila wasiwasi mwingi. Mvaa miwani huishusha mara kwa mara ili aifute miwani yake, huiweka juu ya meza au ukutani, na mara nyingi mgongo wa kamera hubaki umeelekea juu. Ilazwe uso wa kitazamio ukiwa kivulini, au ifunikwe kwa kitambaa kilekile cha kufutia miwani.