TAHADHARI: Usiuziwe kontrol boksi (kompyuta ya injini) kwa sababu ya kodi ya hitilafu U0100

Wenye magari, hasa Toyota za mtumba kutoka Japani, kaeni macho. Gari inazima ghafla au inagoma kuwaka, mwenye mashine ya kupima anachomeka, inatoka U0100. Hapo hapo anasema kontrol boksi imekufa na anakuuzia aliyonayo dukani. Ile yako anabaki nayo, eti mbovu haina kazi. Ikiwa nzima, kesho anauziwa mwingine.

U0100 inasema tu kwamba vifaa vingine vya gari havipati mawasiliano na kompyuta ya injini. Kompyuta ikikosa umeme, ikikosa erthi, au waya za mawasiliano zikikatika, kodi ni hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa hela, dai vipimo vifanyike mbele yako. Mita ya kawaida inatosha. Waanze na fyuzi na relei ya kompyuta, kisha erthi: swichi ya funguo ikiwa imewashwa, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa erthi wa kompyuta. Ikizidi volti 0.1, tafuteni nati iliyolegea au yenye kutu. Halafu wachomoe betri, wasubiri dakika chache, wapime omu kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, ile inapochomekwa mashine ya kupima. Inatakiwa isome karibu 60. Ikisoma 120, kuna upande umekatika. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana.

Kipimo kinachorukwa mara nyingi ni cha volti 5 ambazo kompyuta inazipeleka kwenye sensa. Kwenye Toyota nyingi laini hiyo ikigusa erthi, taa ya injini haiwaki kabisa na mashine haiisomi injini, kwa hiyo inaonekana kama kompyuta imeungua. Mita ikiwa kwenye laini hiyo, chomoeni sensa moja moja. Volti 5 zikirudi, mbovu ni sensa mliyoichomoa sasa hivi au waya wake. Sensa na kontrol boksi bei zake haziko karibu hata kidogo!

Kama gari inawaka ila inakosakosa na mishale ya dashibodi inacheza, shuku kelele za umeme, yaani umeme mchafu unaovuruga mawasiliano. Injini ikinguruma, pimeni volti za AC kwenye betri, zikizidi 0.5, diodi za alteneta zimekwenda. Zimeni taa za LED na HID za bei poa, chomoeni chaja za USB, muwashe redio ya AM msikilize mlio unapotea kwa kipi. Plagi nazo zina feki nyingi. Yenye rezista ndani (huandikwa R) ikipimwa kutoka kichwani hadi ncha ya katikati husoma maelfu ya omu, kwa kawaida karibu 5,000. Ikiwa imeandikwa R lakini inasoma sifuri, irudisheni dukani.

Ikithibitika kontrol boksi imekufa kweli, namba iliyoandikwa kwenye mpya ilingane na ya zamani. Kwenye Toyota nyingi huanza na 89661. Gari yenye imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua funguo) haitawaka kwa namba kulingana tu, lazima boksi ifundishwe funguo zako, na bei ya kazi hiyo mkubaliane mapema. Namba na siku za kurudisha ziandikwe kwenye risiti. Boksi yako ya zamani ipigwe picha na kuwekwa alama kabla haijafunguliwa kutoka kwenye gari, na uondoke nayo.