Taa ya LED ya miche kwenye chumba cha baridi: mwanga safi, draiva ndo inasumbua

Mwanga wa hii taa sina ugomvi nao kabisa. Ni paneli bapa ya kuning'iniza, LED nyeupe, draiva (kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani uzifae LED) imefungwa juu yake kwa skrubu na kuna kitasa cha kupunguza na kuongeza mwanga, na miche ya nyanya na hoho ikikaa chini yake inakuwa mifupi minene, shina limesimama, hairefuki ovyo kama inayotegemea dirisha. Shida inaanzia kwenye chumba. Mimi naotesha kwenye chumba kisicho na hita, usiku kinashuka mpaka digrii 3 au 4, na hapo ndo unajua kitu gani kimetengenezwa vizuri na kipi hapana.

Asubuhi za baridi kali ukiiwasha inapepesa, inazima, inajaribu tena, inazima, baadae inashika yenyewe halafu inawaka siku nzima bila neno. Watu wengi wakiona hivyo wanasema LED zimeungua wanairudisha dukani, kule dukani kuna joto inawaka vizuri tu wanaambiwa taa haina tatizo nendeni nayo. Jamani LED zenyewe zinapenda baridi, zikipoa zinatoa mwanga zaidi na zinadumu. Ila kila LED ikipoa inadai volti kidogo zaidi ili iwake, kama milivolti 2 hivi kwa kila digrii inayoshuka, kwa moja utasema si kitu lakini zikiungwa 50 kwenye mstari mmoja na joto likashuka digrii 25 hapo tayari ni volti 2 na nusu za ziada, sasa draiva ambayo volti yake ya juu imebanwa inafika kikomo, inajizima kujilinda, inajaribu tena. Ndo kule kupepesa. Na zile kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zenye majimaji ndani ya draiva nazo baridi inazipunguzia nguvu, kwa hiyo mambo mawili yanakutana kwa wakati mmoja.

Kupima kama ni baridi au ni ubovu kweli ni rahisi. Chomoa, peleka taa pamoja na draiva yake chumba chenye joto, USIWASHE hapo hapo maana kitu cha baridi kikiingia kwenye joto kinatoa jasho nje na ndani, iache masaa kadhaa ikauke ndo uchomeke. Ikiwaka mara moja bila kupepesa basi ni baridi. Ikiendelea kupepesa hata kwenye joto, angalia plagi na pale waya unapoingia kwenye paneli, jaribu soketi nyingine, badilisha kitu kimoja kimoja sio vyote kwa pamoja, na kama yote yako sawa draiva imechoka. Usiifungue draiva kwa bisibisi, kapasita zinabaki na umeme hata ukishachomoa.

Kilichonisaidia zaidi ni taima. Nimehamisha masaa ya mwanga yawe usiku, taa inawaka jioni kabla baridi haijakaza na inazimwa asubuhi, kwa hiyo saa zile mbaya kabisa draiva tayari ina joto lake yenyewe na haihitaji kuanza upya. Miche haina habari na saa ya ukutani, inachotaka ni masaa 14 mpaka 16 ya mwanga na giza linalobaki. Na kama lazima uwashe kwenye baridi, shusha kitasa kwanza, mkondo ukiwa mdogo na volti inayodaiwa ni ndogo, ikishapata joto unapandisha polepole.

Jambo ambalo sijalipenda hata kidogo ni unyevu. Taa ikizimwa inapoa haraka, chumba kina trei za udongo mbichi, maji yanajikusanya juu ya paneli na viungo vyake havina mpira wa kuzuia. Kwa matumizi haya ilitakiwa iwe IP65, yaani imezibwa vumbi na maji ya kurushiwa yasiingie. Kwa sasa nimekunja waya ushuke kidogo kabla ya kufika kwenye soketi ili tone lidondokee chini lisiingie kwenye plagi. Na breka ikijizima yenyewe usiwe unairudisha juu juu tu, chomoa taa kwanza ukaushe.

Pamoja na yote hayo siwezi kurudi kwenye tyubu, zile taa ndefu za floresenti. Tyubu nyembamba za T5 zinatoa mwanga wao kamili hewa inayozizunguka ikiwa karibu digrii 35, zile nene kidogo za T8 karibu 25, kwenye baridi zinafifia, mwanga unazungukazunguka ndani, na choki ya kawaida (kifaa cha kuziwasha na kudhibiti umeme wake) inahangaika kuziwasha.

Halafu majani ya zambarau, naona watu wanailaumu taa. Mche wa nyanya ukigeuka zambarau chini ya jani kwenye chumba kama hiki mara nyingi ni mizizi imepoa, haivuti fosforasi vizuri hata kama mbolea ipo. LED haimwagi joto juu ya majani kama taa ya sodiamu, kwa hiyo ukiongeza mwanga husaidii kitu. Weka mkeka wa joto chini ya trei wenye kidhibiti joto, utaona majani mapya yanatoka kijani. Saladi inavumilia, hoho havumilii kabisa.

Paneli naipa nyota 4, draiva 2, kwa sababu kwenye boksi hawajaandika popote joto la chini kabisa la kuwashia na hilo ndo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji kabla ya kuuliza wati. Uzuri wake draiva haijagundishwa, fundi anaweza kuitoa akaweka nyingine. Mpya iwe na miliampea zilezile za ya zamani, volti yake ya juu iwe kubwa zaidi, na iwe imeandikwa inawaka mpaka chini ya sifuri.